Ziara Isiyo na Kaburi: Shabiki wa Queen Mjini Unguja

Kiswahili kina maneno matatu ya kumweleza mtu aachaye kwake na kwenda mbali. Safari ni neno la jumla: mfanyabiashara husafiri, mgonjwa husafiri, na hata anayekimbia deni husafiri. Hija ni neno lenye mipaka, na mipaka hiyo imewekwa na dini. Kulitumia ovyo ni kuwakosea wenye nalo. Baina ya mawili hayo lipo neno ziara. Mtu huzuru jamaa, huzuru mji, na katika mila za pwani huzuru kaburi la mja mwema, akasoma dua, akafukiza udi, akaondoka na utulivu ambao hakuja nao. Neno hili la kati ndilo linaloielekea zaidi desturi iliyoenea ulimwenguni tangu nusu ya pili ya karne ya 20, yaani desturi ya mashabiki wa muziki kufunga safari hadi mji alikozaliwa au alikokulia msanii wampendaye.

Ziara ya namna hiyo huhitaji mahali pa kusimama. Wapenzi wa Elvis Presley wanalo kaburi lake huko Graceland, mjini Memphis. Wapenzi wa Bob Marley wanalo la Nine Mile, Jamaica. Wapenzi wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, hawana lolote. Alipofariki mjini London tarehe 24 Novemba 1991, mazishi yake yaliendeshwa kwa taratibu za dini ya Zoroasta, mwili ukachomwa, na mahali yalipowekwa majivu hapakutangazwa. Kwa hivyo mashabiki wake hugawanyika baina ya vituo vitatu: ukuta wa nyumba yake ya Garden Lodge huko Kensington, sanamu iliyozinduliwa mwaka 1996 kando ya ziwa mjini Montreux, Uswisi, ambako Queen walikuwa na studio, na mtaa wa Shangani katika Mji Mkongwe wa Unguja, kisiwa alikozaliwa. Makala haya yanahusu kituo hicho cha tatu, na swali ambalo shabiki mmoja alilipeleka huko.

Kwanza, wasifu kwa ufupi. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na Bomi alikuwa keshia katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Waingereza. Waparsi, ambao dini yao ilitoka Uajemi ya kale, walikuwa kundi dogo ndani ya jamii ya Wahindi wa Unguja, nayo jamii hiyo yenyewe ilikuwa ndogo. Akiwa na umri wa takriban miaka minane, mtoto alipelekwa katika shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, si mbali na Bombay. Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja akiwa kijana. Hakukaa sana kabla ya kutokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na katika mwaka huo familia ikahamia Uingereza, ikafanya makazi Feltham, magharibi ya London. Queen iliundwa mwaka 1970, na jina la Mercury likaja pamoja nayo. Wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walikuwa Waingereza. Mji wa bendi, basi, ni London. Unguja ni mji wa mmoja tu kati ya wanne, tena si mji wa jina lake la usanii. Anayefika Shangani kumtafuta Freddie Mercury anamtafuta mtu ambaye, kwa maana halisi, hakuwahi kuishi hapo.

Shabiki anayezungumziwa hapa alikuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya upili nchini Kenya. Sauti ya Mercury ilimfikia angali mwanafunzi wa chuo kikuu, katika kanda zilizorudufiwa mara nyingi mno hata mikwaruzo ikawa kama ala ya tano ya bendi. Chumbani mwake bwenini aliishi na mwenzake aliyefuatilia kwa makini habari za Afrika Kusini. Mnamo Oktoba 1984 Queen walikwenda kutumbuiza Sun City, katika kile kilichoitwa taifa la Bophuthatswana, wakati wasanii wengi duniani walikuwa wakiisusia nchi ya ubaguzi. Walilaumiwa vikali, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Wao walijitetea kwamba wanawapigia watu muziki, na kwamba siasa si kazi yao. Habari hizo zilipofika bwenini, mwenzake mwalimu aliitoa kanda kwenye redio, akaiweka mezani taratibu, akauliza: "Huyu anamwimbia nani?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Alidhani amelipata tarehe 13 Julai 1985, siku ya tamasha la Live Aid, Queen walipopanda jukwaani Wembley mbele ya watu wapatao 72,000 katika harambee ya kuwasaidia waliokumbwa na njaa nchini Ethiopia. Dakika zao ishirini na kitu zingali zinatajwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa ya muziki wa roki. Mwenzake hakuridhika. Alisema kuwachangia Waafrika wenye njaa ni kwepesi kuliko kuzikataa fedha za wanaowanyima Waafrika nchi yao. Hawakugombana. Waliacha tu kuzungumzia muziki.

Tarehe 23 Novemba 1991 Mercury alitangaza kwamba anaugua UKIMWI; siku iliyofuata akafariki. Katika Kenya ya miaka hiyo jina la ugonjwa huo halikuandikwa katika matangazo ya vifo. Magazeti yalisema marehemu ameaga "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila msomaji alijua namna ya kuisoma ibara hiyo. Katika tanzia za Mercury ndimo mwalimu aliposoma kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu alizaliwa Unguja. Alimpelekea mwenzake habari hiyo kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani: kumbe ni wetu! Mwenzake alicheka. "Basi swali limezidi uzito," alisema. Mwaka 1996 naye akafariki. Tangazo lake lilisema aliugua kwa muda mrefu.

Hivyo ndivyo swali la bwenini lilivyosalia na mtu mmoja. Mwalimu alipostaafu mwaka 2022, alitenga sehemu ya kiinua mgongo chake, akasafiri hadi Dar es Salaam, akapanda boti ya kwenda Unguja. Kwa nje ilikuwa ziara ya shabiki mzee. Kwa ndani ilikuwa rufaa.

Kutoka bandari ya Malindi alifuata ufuo wa Mizingani, akapita mbele ya Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, akavuka bustani ya Forodhani, akaingia Shangani. Nyumba inayotafutwa na mashabiki iko katika Barabara ya Kenyatta, na Mkenya hawezi kulipita jina hilo bila kutabasamu. Tangu Novemba 2019 humo mna makumbusho madogo ya Mercury, yenye picha za utotoni na za jukwaani. Nje wageni hupigana picha kwa zamu. Ndani hutembea kwa sauti ya chini, kama watu walio katika nyumba ya ibada ambayo si ya dini yao. Hata hivyo, si wote mjini wanaokubaliana kuhusu familia hiyo ilikaa wapi na lini, na mgeni akiuliza sana ataonyeshwa nyumba nyingine pia. Mji wenye barabara nyembamba na kumbukumbu ndefu haukosi kuwa na majibu zaidi ya moja.

Ndani ya makumbusho mwalimu alitenda kosa ambalo aliwakanya wanafunzi wake kwa miaka zaidi ya thelathini. Kanuni ya kwanza ya kuhakiki ushairi ni kutomchanganya mtunzi na nafsineni: anayesema ndani ya shairi si lazima awe ndiye aliyeliandika. Mbele ya picha ya mtoto Farrokh, mwalimu alijikuta akizifungua nyimbo kwa ufunguo wa wasifu. Aliwaza juu ya "Bohemian Rhapsody", wimbo wa mwaka 1975 wa karibu dakika sita, ambao ndani yake limo neno la Kiarabu ambalo Mwislamu hulitamka anapoanza kula au kusafiri. Mashabiki wengi hudai neno hilo ni mwangwi wa Unguja. Mtoto aliyekulia mji wenye adhana mara tano kwa siku, husema, hawezi kulisahau.

Hoja hiyo inavutia, na kwa sababu hiyo inafaa kupimwa. Neno hilo si mali ya Unguja peke yake. Lingeweza kumfikia mtunzi nchini India au katika maktaba yoyote ya London. Tena katika wimbo wenyewe limewekwa pamoja na majina ya michezo ya jukwaani ya Italia na jina la mwanasayansi wa kale, katika mchanganyiko ambao kazi yake ni kuleta hali ya opera wala si kutoa habari za utotoni. Mercury mwenyewe alikataa kuufasiri wimbo huo hadi kufa kwake. Katika mahojiano alikuwa mchache wa maneno kuhusu kisiwa hicho, na nyimbo zake mashuhuri hazikitaji. Shabiki anayelishika neno moja na kulifanya daraja la kumrudisha msanii nyumbani hausomi wimbo. Anaandika wimbo wa pili juu ya ule wa kwanza. Mwalimu alilitambua hilo akiwa bado amesimama mbele ya picha, na akatoka nje akiwa hana ushahidi.

Kukosa ushahidi hakumaanishi kwamba mahali hapana la kusema. Yapo mambo ambayo mji huu umeyasema wazi kuhusu mwana wake huyu. Mwaka 2004 Zanzibar ilipitisha sheria ya kuadhibu mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2006, mkahawa mmoja ulipopanga kusherehekea miaka 60 ya kuzaliwa kwa Mercury, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga, ikisema kumhusisha mtu wa mwenendo wake na kisiwa hicho ni kukivunjia heshima, na sherehe haikufanyika. Baada ya filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha yake, wageni waliongezeka na jina lake likawa riziki ya watu. Ni jambo la kawaida kwa mji wa bandari kuuza kitu usichokipenda. Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba pande zote mbili, anayemkana na anayemuuza, humzungumzia Mercury wa jukwaani. Farrokh, kijana aliyeondoka, hazungumziwi na yeyote.

Jioni hiyo mwalimu alipita katika kichochoro nyuma ya barabara kuu, akamkuta mzee ameketi barazani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara?"

"Natoka Kenya. Nimekuja kumzuru Freddie Mercury."

Mzee alitazama upande wa barabara. "Kila siku waja. Huyo mimi simjui. Waparsi nawakumbuka, walikuwa kidogo tu, watu wa ofisini. Mwaka ule walioondoka ni wengi, mwanangu. Wengine wameacha chai mezani. Na tuliobaki nasi tuna yetu. Huyu mmoja mwamjua kwa kuwa kaimba."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine hawakuimba."

Katika jibu hilo mna fundisho ambalo makumbusho hayawezi kulitoa. Shabiki huja kumtoa msanii katika umati na kumweka peke yake juu ya kiti. Mzee alimchukua Mercury, akamrudisha katika umati aliotoka. Kwake yeye, kuondoka kwa familia ya Bulsara si utangulizi wa hadithi ya nyota, bali ni tukio moja kati ya mengi ya mwaka 1964, mwaka ambao baadhi ya Wazanzibari huukumbuka kwa sherehe na wengine huukumbuka kwa majina ya waliouawa. Mapinduzi yaliwapa wengi waliodharauliwa nafasi waliyonyimwa. Yaliwaondolea wengine nyumba, na wengine uhai. Mhakiki hahitaji kuifuta nusu moja ya sentensi hiyo ili nusu ya pili isomeke.

Fasihi imewahi kuifanya kazi ambayo nyimbo za Mercury hazikuifanya. Adam Shafi, katika riwaya ya Vuta N'kuvute (1999), alimuumba Yasmin, msichana wa Kihindi anayeivunja mipaka ya jamii yake katika Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni na kujichanganya na watu wa Ng'ambo. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, miaka miwili tu baada ya Farrokh, naye aliondoka akiwa kijana katika miaka ya baada ya Mapinduzi, akaenda Uingereza. Kuondoka huko ndiko kulikoshika sehemu kubwa ya riwaya zake, hadi Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Katika Admiring Silence (1996), msimulizi wake asiye na jina, mwana wa kisiwa aishiye Uingereza, huwabunia wenyeji wake hadithi tamu za kwao kwa kuwa ukweli ni mzito kuusema. Vijana wawili, basi, walipita katika mlango ule ule. Mmoja aliugeuza mlango kuwa maudhui. Mwingine aliufunga nyuma yake, akajipa jina jipya. Si haki kumhukumu wa pili kwa kipimo cha wa kwanza. Kunyamaza nako ni namna ya kuondoka, na walionyamaza ndio wengi.

Wapo pia walioimba na wakabaki. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akaingia mjini mwaka 1911, alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za taarabu katika santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Alifariki mwaka 1950, Farrokh akiwa hajatimiza miaka minne. Njia ya bahari iliyompeleka Siti kurekodi ndiyo iliyompeleka mtoto huyo shuleni. Hata hivyo, mgeni anayemaliza ziara yake Shangani hana sababu ya kuvuka Darajani kwenda Ng'ambo kumuulizia Siti. Mwalimu alivuka siku ya pili, akiwa amechelewa kwa miaka arubaini kama alivyokiri mwenyewe, na kusikiliza taarabu kwa sikio lililofunzwa na roki.

Na rufaa yake? Mji haukutoa hukumu aliyoitaka. Alikuwa amekuja na dhana kwamba kuzaliwa Unguja kungethibitisha moja kati ya mambo mawili: ama Mercury alikuwa na hatia zaidi, kwa kuwa mwana wa Afrika alipaswa kujua, ama alistahili kuonewa huruma, kwa kuwa Afrika yenyewe ilikuwa imemtoa. Maneno ya mzee yalizivunja dhana zote mbili, kwa sababu zote zilidhani kuwa mahali pa kuzaliwa humsemea mtu. Walioondoka mwaka ule waliondoka na nyoyo mbalimbali, na hakuna aliyeapishwa bandarini.

Lakini swali lenyewe, anamwimbia nani, lilipata umbo jipya. Kipaji kikubwa cha Mercury, kwa ushahidi wa Wembley na wa viwanja vingi vingine, kilikuwa uwezo wa kuwakusanya watu wasiojuana na kuwafanya sauti moja kwa muda wa wimbo. Umati ndio uliokuwa mji wake. Mtu ambaye kila umati kwake ni nyumbani hatakuwa mwepesi wa kuuliza umati huu umekusanywa na nani, kwa fedha za nani, na ukuta wa ukumbi umejengwa juu ya ardhi ya nani. Kipaji cha Wembley na kosa la Sun City huenda vilichipuka katika shina moja. Kusema hivyo ni kueleza, si kusamehe. Mwenzake mwalimu asingekubali vitu hivyo viwili vichanganywe, na angekuwa na haki.

Tafsiri hiyo nayo yaweza kupingwa, kwa kuwa inategemea jukwaa na kile kilichoonekana na wote, wala haitegemei siri ya nyumba yoyote ya Shangani. Pengine ndiyo faida ya ziara ya namna hii: shabiki hufika mahali pa kuzaliwa ili ajue kwamba jibu halikuwekwa hapo, na kwamba aliyekuwa akidaiwa jibu si msanii. Mercury hana kaburi la kuzuru. Aliyeuliza swali analo, katika shamba la wazazi wake magharibi mwa Kenya, na mwalimu hajafika hapo tangu siku ya mazishi.